Sh85,000 za chama: kabla ya kulipia kozi ya kompyuta, uliza mtihani ni wa nani

Ijumaa moja baada ya swala nilimkuta dada yangu akinisubiri barazani, bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na tangazo la chuo kimoja cha hapa mjini pamoja na fomu ya kujiunga. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, amepokea Sh85,000, na zote alitaka kumlipia binti yake kozi ya mitandao ya kompyuta. Dada yangu huuza viazi karai na bajia jioni. Kila shilingi ya chama hicho nimeiona ikitoka kwenye mafuta ya moto. Akaniuliza swali moja tu: "Kakangu, wewe mambo haya umeyasomea. Nilipe, nisilipe?"

Tangazo lenyewe lilivutia. Miezi 3, vyeti 3 vya kimataifa, masomo Jumamosi pekee, kufaulu ni hakika. Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia aniachie ile karatasi mpaka Jumapili, kwa sababu jibu la haraka katika jambo hili nililitoa mimi mwenyewe miaka mingi nyuma, na likanigharimu kazi. Nitafika huko.

Swali la dada yangu limo katika nyumba nyingi za Pwani hivi sasa. Ukitembea kutoka Mwembe Tayari hadi Mtwapa, au ukivuka kivuko uende Likoni, utaona mabango ya vyuo vinavyoahidi vyeti vya Cisco, CompTIA, Microsoft na usalama wa mitandao. Biashara hii haikuzuka bure. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Bandari, forodha, mahoteli na mabenki yote yanaendeshwa kwa mifumo ya kompyuta. Julai 2023 wadukuzi waliposhambulia eCitizen, kila Mkenya alionja maana ya mfumo kulala: huduma zikakwama, hata wageni waliokuwa wakiomba viza mtandaoni wakalazimika kuruhusiwa kuipata wakishafika.

Kuna sababu nyingine ambayo ni yetu zaidi. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana kwa sababu mizigo ilikuwa ikipelekwa Nairobi kwa reli ya SGR, na kazi za makuli, madereva na maajenti wa forodha zikaondoka nayo. Septemba 2022 amri ikatoka kwamba shughuli hizo zirudi. Riziki ya mji mzima iliondolewa na kurudishwa kwa kalamu iliyo mbali nasi. Mzazi aliyeyaona hayo ana haki ya kutaka mwanawe awe na ujuzi ambao hauondolewi kwa amri, ujuzi anaoweza kwenda nao Nairobi, Dar es Salaam, Dubai au Muscat. Kwa hivyo simlaumu dada yangu kwa kuitamani kozi. Nina mashaka na njia aliyoonyeshwa.

Jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni hili: anayefundisha na anayetoa cheti ni watu wawili tofauti. Cheti cha CCNA hutolewa na kampuni ya Cisco baada ya kufaulu mtihani wake, nao hufanywa kupitia Pearson VUE. Chuo cha mtaani hakikutoi CCNA, hata kama umelipa karo yote na hujakosa somo hata moja. Chuo kinaweza kukupa cheti cha kuhudhuria, na cheti cha kuhudhuria mwajiri hukiweka pembeni. Mtihani wa CCNA unagharimu dola 300. Kwa bei ya dola ya karibu Sh129 hiyo ni kama Sh39,000. Januari 2024, dola ilipokaribia Sh160, ilikuwa Sh48,000. Ukishindwa unasubiri siku 5, kisha unalipa upya zote.

Basi swali la kwanza la kuuliza chuoni ni hili: hizi Sh85,000, ada ya mtihani imo? Nilipiga simu kwa nambari iliyokuwa kwenye tangazo. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Akanieleza kwamba pesa hizo ni za masomo tu, na mitihani "mwanafunzi atajipangia mwenyewe". Yaani dada yangu angemaliza pesa zake zote kabla binti hajafika hata mlango wa chumba cha mtihani.

Nikafanya hesabu ya pili. Jumamosi moja ni saa 4 za darasa. Miezi 3 ni Jumamosi 12. Jumla saa 48, ugawe kwa vyeti 3, kila cheti saa 16. Mtihani wa CCNA peke yake una mada sita: misingi ya mitandao asilimia 20, kuunganisha vifaa asilimia 20, njia za IP asilimia 25, huduma za IP asilimia 10, usalama asilimia 15 na uendeshaji wa mitambo kwa programu asilimia 10. Orodha hiyo Cisco wameiweka wazi kwenye tovuti yao, haiuzwi. Mwanafunzi anayeanza chini kabisa hawezi kuyameza hayo yote kwa saa 16. Mwalimu anajua, na mwenye chuo anajua. Asiyejua ni mwenye pesa.

Na "kufaulu ni hakika"? Cisco hata haitangazi alama ya kupita ya CCNA. Mtihani usioujua alama yake utaudhaminije? Kuna njia moja tu ya kutoa ahadi kama hiyo, nayo ni kumkaririsha mwanafunzi maswali yaliyoibwa. Hapa sasa nieleze yangu.

Nilipata diploma yangu ya kompyuta nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Miaka michache baadaye niliona wenzangu wenye vyeti vya kampuni za nje wakiajiriwa, mimi na diploma yangu tukiulizwa kama tunajua kuchapa. Rafiki akanipa faili la maswali na majibu, la mamia ya kurasa. Nikalikariri kwa mwezi mmoja kama mtoto wa chuoni anayehifadhi bila kujua maana. Mtihani nilipita. Nikaajiriwa na kampuni moja ya kupakua na kusafirisha mizigo, nisimamie mtandao wao.

Wiki ya tatu mtandao wote ulikufa. Simu hazilii, printa hazichapi, makarani wamekaa na makaratasi ya forodha mkononi na malori yamejipanga nje. Nilizima ruta na kuiwasha. Nilimpigia mtoa huduma wa intaneti nikamlaumu. Nilihangaika saa sita. Mwishowe akaja fundi mzee kutoka kampuni nyingine, akaangalia taa za swichi zinavyowaka zote kwa pamoja bila kupumzika, akauliza, "Nani amechomeka waya hapa leo?" Kumbe mtu aliyekuwa akifagia aliona waya unaning'inia chini ya meza, akauchomeka ukutani kwa nia njema. Ncha zote mbili za waya ule zikawa zimeingia kwenye swichi moja. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote ukawa unazunguka na kujizidisha, hadi ukajaza njia nzima. Fundi alichomoa waya mmoja, na ofisi ikafufuka.

Swali la jambo lile lile lilikuwemo ndani ya faili langu. Nilijua jibu lake ni herufi C. Sikujua kwamba herufi C ni waya chini ya meza. Mwisho wa mwezi niliambiwa nisirudi, na sikuwa na la kulalamika.

Nimeishi na aibu hiyo muda mrefu, na sisimulii ili nionewe huruma. Sisi Waislamu tunafundishwa tangu utotoni kisa cha muuza nafaka sokoni ambaye Mtume (SAW) alitia mkono katika rundo lake akakuta chini kumelowa, juu ndiko kukavu. Cheti cha maswali ya wizi ni rundo hilo hilo: mwajiri anaona pakavu, tope limefichwa chini. Tena ukiweka dini kando, hata kwa hesabu ya dunia ni hasara. Kampuni zinazotoa mitihani zina haki ya kukufutia cheti na kukufungia mlango zikigundua. Na zisipogundua wao, utagunduliwa na waya chini ya meza.

Njia halali ziko tatu, na kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza ni kujisomea. Kwa fani hii, zana za bure ni nyingi kuliko alizokuwa nazo kijana wa enzi zangu. Cisco wana programu ya Packet Tracer, inayokuwezesha kujenga ruta na swichi za kuigiza ndani ya laptopu yako bila kununua kifaa hata kimoja, nayo ni bure kupitia Cisco Networking Academy. Kwenye YouTube kuna Jeremy's IT Lab kwa CCNA, kozi nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Professor Messer kwa mitihani ya CompTIA. Mwaka 2022 shirika la ISC2 lilitangaza mpango wa kuwapa watu milioni 1 masomo na mtihani wa ngazi ya kwanza ya usalama wa mitandao bila malipo. Lakini soma masharti: ukishapita, kuna ada ya dola 50 kila mwaka ili cheti kibaki hai. Njia hii inamfaa mwenye nidhamu, mwenye kifaa, na anayekifahamu Kiingereza cha masomo.

Ya pili ni darasa la mwalimu. Darasa zuri lina mambo ambayo video haina: mtu wa kukusahihisha, vifaa halisi vya kushika, na wenzako wa kubishana nao. Linamfaa anayeanza kabisa na anayekwama peke yake. Ila kabla ya kulipa, uliza. Mwalimu mwenyewe ana cheti hicho, na bado kiko hai? Maabara ina vifaa vingapi, na wanafunzi ni wangapi? Katika kundi lililopita, wangapi walifanya mtihani wenyewe? Chuo chenye jibu zuri hakitaona vibaya kuulizwa.

Ya tatu ni mchanganyiko: unajisomea nyumbani, unalipa mwalimu kwa zile mada zinazokushinda tu, na pesa kubwa unaiweka kwa ajili ya mtihani.

Jumapili nilimweleza dada yangu hayo yote, nikidhani nimemaliza. Nikamwambia achague kujisomea, ni bure. Akanitazama, akanijibu jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. "Kaka, wewe ni mwanamume. Ukifunga mlango ukasema unasoma, hakuna atakayebisha. Binti akiwa nyumbani ataitwa achote maji, ataitwa ashike mtoto, ataitwa akorogee bajia. Mwingine wa kumwita huyo ni mimi mwenyewe. Nikilipia darasa, ile Jumamosi ni yake."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimepima kozi kwa saa na kwa dola, naye aliipima kwa uhuru wa kutoka mlangoni. Kwa wasichana wengi wa nyumba zetu, karo ya chuo hununua ruhusa ya kukaa na daftari bila kuitwa, na ruhusa hiyo inaweza kuwa adimu kuliko masomo yenyewe. Mshauri asiyelijua hilo atawaambia watu "someni bure mtandaoni", kisha awalaumu kwa uvivu.

Basi tukakaa watatu, binti naye akiwemo, tukazigawa zile Sh85,000 upya. Sh25,000 kununua laptopu iliyotumika, yenye nguvu ya kutosha kuendesha Packet Tracer. Sh2,500 kwa mwezi za bando, kwa miezi 6, ni Sh15,000. Sh39,000 za mtihani, zikae benki zisiguswe. Hiyo ni Sh79,000. Zinabaki Sh6,000 za nauli na za kumlipa mwalimu kwa saa chache mada ikiwa ngumu. Saa moja na nusu kila siku kwa miezi 6 ni kama saa 270, ukilinganisha na zile 16 za kwenye tangazo. Na hiyo saa na nusu haitakuwa nyumbani: kila asubuhi atakwenda maktaba, na mama yake ameahidi mbele yangu kwamba muda huo ni kama muda wa shule. Cheti ni kimoja badala ya vitatu, na ni kimoja tutakachoweza kukilipia.

Nikawaongezea mawili ya siku ya mtihani. Mitihani hii siku hizi huweza kufanyiwa nyumbani mbele ya kamera, lakini msimamizi hataki mtu yeyote aingie chumbani wala sauti isikike. Katika nyumba zetu, ambapo shangazi hupita akitoa salamu na stima hupotea bila taarifa, afadhali kwenda kituoni. Pili, jina la usajili lazima lifanane na la kitambulisho. Vijana wetu wengi wanaijua adha ya kitambulisho, na wengine majina yao yameandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu. Hilo litengenezwe kabla ya kulipa. Na wakumbuke kwamba CCNA huishi miaka 3 tu, kisha huhitaji kuhuishwa.

Sasa neno kwa viongozi wetu. Taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa ilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati huo, ili vijana wa Pwani na Afrika Mashariki wapate ufundi wa zama zao. Wazee wale waliona mbali. Sisi leo tuna basari, na mwanzoni mwa 2025 tulishuhudia mvutano mkali kati ya Msimamizi wa Bajeti na kaunti juu ya nani ana mamlaka ya kuzitoa, hadi jambo likafika mahakamani. Katika kelele zote hizo sikusikia mtu akiuliza basari inalipia nini. Hundi huandikwa kwa jina la shule au chuo. Kijana anayejisomea na anayehitaji Sh39,000 za mtihani hana chuo cha kuandikiwa hundi. Matokeo yake pesa za umma zinaweza kumlipia kijana darasa la saa 16, lakini haziwezi kumlipia mtihani aliojiandaa kwa saa 270.

Rai yangu ni ndogo. Fungu dogo la pesa za vijana litengwe kulipia mitihani, likatolewe kwa anayeonyesha amejiandaa, kwa mfano kwa jaribio linalosimamiwa na walimu wa vyuo vyetu vya umma. Na maktaba zetu zipewe intaneti ya kuaminika na ziwe wazi hadi jioni. Misikiti na madrasa zenye vyumba vinavyolala tupu kati ya Adhuhuri na Alasiri nazo zinaweza kuwapa wasichana na wavulana meza na utulivu. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mwenye ufunguo.

Sijui kama mpwa wangu atapita. Mtihani ni mgumu, na katika mtihani huo ukishajibu swali huwezi kulirudia. Alichoniomba ni wiki mbili za kujaribu kwanza kwa laptopu ya kuazima, kabla mama yake hajatoa hata senti. Nikaona ana akili kuliko mimi wa umri wake.

Siku ya kumi alinitumia picha kwa WhatsApp. Alikuwa amejenga swichi mbili ndani ya Packet Tracer na kuziunganisha kwa waya mbili kwa makusudi. Nukta tatu zilikuwa za kijani, moja ya rangi ya chungwa. Chini akaandika: "Mjomba, hii ya chungwa swichi imejifungia yenyewe ili ujumbe usizunguke. Ile swichi ya ofisini kwenu haikuwa na uwezo huu, au kuna mtu aliuzima?"

Nilikaa na simu mkononi. Hilo swali sikuwahi kujiuliza. Nimemjibu kwamba sijui, na kwamba kesho nitapita maktaba anionyeshe.